Tuhame mtaa au tubaki? Jibu kwa mama wa familia ya umisionari Malindi

SWALI

Shikamoo mama. Mimi na mume wangu tumetoka Tukuyu, Tanzania. Kanisa letu limetutuma Malindi kwa miaka 3. Yeye ni mwinjilisti, na tuna watoto watatu, mkubwa ni binti wa miaka 11. Tulipanga nyumba Shela kwa sababu iko karibu na shule na kodi yake tunaiweza. Majirani karibu wote ni Waislamu. Wiki ya kwanza mama wa mlango wa pili alituletea sahani ya mahamri na mbaazi za nazi. Mume wangu akairudisha ile sahani akiwa ameweka ndani yake kijitabu cha Injili. Tangu hapo salamu wanaitikia vizuri, lakini hakuna anayepiga hodi. Mimi nina vikundi vya akina mama kanisani saa kumi jioni, siku nne kwa wiki. Watoto wakirudi shule wanakaa ndani na dirisha limefungwa. Mkubwa kwetu alikuwa wa pili darasani, hapa anashika mkia. Nilidhani kwa kuwa tunasema Kiswahili tutazoea upesi. Waumini wenzetu wengi wanakaa Kisumu Ndogo na Muyeye, wanatuambia tuhamie huko, na mume wangu ameshakubali. Tuhame?

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa ugeni.

Nikupe jibu kwanza, maelezo yafuate: msihame. Angalau msihame kwa sababu hii. Mkiondoka sasa, habari itakayobaki nyuma yenu Shela ni kwamba alikuja mwinjilisti, akatia kitabu kwenye sahani ya mtu, kikanyamaziwa, akahama. Mmisionari mwingine atakayepanga hapo baada yenu ataikuta habari hiyo mlangoni. Tena huko Muyeye mtapata wa kuimba nao, hilo kweli, lakini ukuta wa pili atakuwa Mgiriama asiye wa kanisa lenu, au Mwislamu vilevile, na kazi ya kujifunza kuishi naye itakuwa palepale.

Nakujibu kama mtu wa hapa. Wazee wangu ni Wapokomo wa Mto Tana. Ukristo ulitufikia kwa mkono wa Wajerumani wa misheni ya Neukirchen, ambao walitua Lamu mwaka 1887, kisha wakaelekea mtoni, hadi Ngao. Mimi mwenyewe nimekulia Malindi, na kazi yangu ya ushauri nasaha imenikalisha na familia nyingi za watumishi wanaoletwa Pwani, wa kutoka bara, wa kutoka kwenu Tanzania, na wa kutoka ng'ambo. Wanaozoea upesi wala si wale wakarimu kuliko wote. Wakarimu mara nyingi ndio wanaochelewa, na nadhani nyumba yenu ni mojawapo.

Mtu anayekuja kwa wito amefundishwa kutoa. Anatoa muda, dawa, nguo, mafundisho. Akiletewa kitu anaona aibu, anafanya haraka kukilipa, tena kwa kitu kikubwa zaidi, ili asiwe mzigo kwa watu aliokuja kuwatumikia. Nia ni njema kabisa. Lakini mtaani Pwani ujirani unajengwa kwa deni. Leo nakuazima ungo, kesho wewe unanishikia mtoto nikimbilie hospitali, keshokutwa nakuletea bakuli la uji wa futari, mwezi ujao viti vyako vinakaa harusini kwangu wiki nzima. Hakuna anayeandika, na hakuna anayemaliza kulipa. Mtu asiyedai wala kudaiwa anapewa heshima zake zote na salamu zake zote, ila hana sababu ya kupigiwa hodi. Hapo ndipo mlipo sasa.

Turudi kwenye ile sahani, maana hapo ndipo palipoharibika. Bila shaka umeshasikia kwamba sahani ya jirani hairudi tupu. Mume wako labda alisikia hivyo akafikiri, basi nitie kile nilicho nacho cha thamani kuliko vyote. Namwelewa, na kwa Mkristo hakuna ubaya katika fikra hiyo. Ila kinachorudi kwenye sahani huwa cha jinsi ileile ya kilicholetwa: vitumbua, ndizi mbivu, vipande vya papai, hata sukari kikombe kimoja. Yule mama alileta chakula kwa sababu mna watoto na mlikuwa hamjafungua mizigo. Alipofunua sahani yake akakuta kitabu, alichoelewa ni kwamba mahamri yake yalipokelewa kama mlango wa kazi yenu. Hakugombana. Watu wa hapa wakiumia na mgeni hawagombani naye, wanapunguza maneno. Na kimya hicho, nikuhakikishie, hakina chuki ndani. Ana haya, na pengine ana wasiwasi kwamba akileta tena itasomeka kuwa anakitaka kile kitabu.

Nisemapo hivi sikuambii mfiche imani. Mimi ni Mkristo, na ningependa mume wako ahubiri kwa sauti yake yote kanisani kwake, na amjibu wazi kila atakayemuuliza. Katiba ya Kenya katika kifungu cha 32 inampa kila mtu uhuru wa dini yake, na majirani zako wanajua vizuri kilichowaleta. Mkijifanya mmekuja kufanya biashara ndipo watawadharau. Ninachokuomba ni kwamba nyumba yako iwe nyumba, na sahani ya jirani ibaki sahani.

Kurekebisha ni kazi yako, mwanangu, wala usimtume mume wako. Mwanamume kwenda kumwomba radhi mke wa mtu kungeongeza uzito juu ya uzito. Nenda mwenyewe baada ya alasiri, na mtoto wako mdogo mkononi. Vaa dera lako na leso ya kujitanda. Buibui si lako, na hakuna anayekutazamia ulivae. Piga hodi, na ukiona kimya baada ya mara tatu rudi nyumbani, utakwenda kesho. Ukikaribishwa vua viatu mlangoni. Kisha omba kitu. Mwambie: "Mama, nimekuja kuazima mbuzi ya kukunia nazi. Nataka kupika kwa nazi na sina cha kukunia. Na ile sahani yako tuliirudisha vibaya, niwie radhi, tulikuwa hatujui." Basi, usiongeze hotuba. Akikuambia ukae, kaa. Akikuuliza unataka kupika nini, sema ukweli kwamba samaki wa kupaka humjui, na uliza anaanza wapi. Kesho yake urudishe mbuzi na chane ndogo ya ndizi.

Utaona nimekutuma kuomba ukiwa wewe ndiwe uliyekosea. Najua inasikika kinyume. Lakini ukimpelekea zawadi ya kuomba msamaha utakuwa umelipa na kufunga hesabu. Ukimwomba mbuzi unampa nafasi ya kuwa mwenyeji tena, na hiyo ndiyo nafasi ambayo kile kitabu kilimnyang'anya.

Kama mume wako ataona haya ni mambo ya jikoni yasiyohusu utume, mkumbushe Johann Ludwig Krapf, mmisionari wa Kijerumani. Alipofika Mombasa mwaka 1844 alitaka Biblia kwa Kiswahili, na kitabu cha Mwanzo alikianza mwaka huohuo akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Hiyo kazi ambayo sisi Wakristo wa nchi hizi tunajivunia hadi leo ilianza kwa mmisionari kukaa mbele ya mwanachuoni wa Kiislamu akiomba kufundishwa.

Sasa vyakula, kwa kuwa utakuwa unatuma. Anza na matunda na vitu vikavu, havina maswali. Mtu akija kutoka kwenu, mwambie akubebee mchele wa Kyela. Watu wa Pwani mchele wanaujua, na wali wa nazi uliopikwa kwa mchele ule utazungumzwa mtaa mzima. Nyama iliyopikwa isubiri mpaka mmezoeana. Bucha za mjini zinachinja kwa sheria ya Kiislamu, na jirani akishajua unanunua hapo atakula kwako bila hofu, lakini mpe muda, na siku ikitokea chakula chako kikapelekwa kwa mwingine usiumie. Nguruwe asipikwe katika nyumba hiyo hata mkiwa peke yenu. Mbwa msifuge, maana wako watakaoacha kuja kwa ajili yake tu.

Jambo la pili umelitaja kwa kupita, nami naliona kubwa: vikundi vyako vya saa kumi. Siku ya Shela inakwenda na adhana. Asubuhi kila mwanamke ana shughuli zake. Baada ya adhuhuri maduka mengi yanafungwa, jua kali, watu wamelala. Alasiri ikishasaliwa ndipo wanawake wanapooga, wanapaka wanja, wanatoka kuamkiana, mpaka magharibi inapokaribia kila mmoja arudi kwake. Kutembeleana kote kumo katika saa hizo mbili tatu, na wewe siku nne kati ya saba uko kanisani saa hizohizo. Labda hodi ilipigwa, mwanangu, hukuwepo. Waombe wazee wa kanisa vikundi viwili vihamie asubuhi au Jumamosi. Wakikataa, acha kimoja. Siku unazobaki nyumbani usijifungie kupumzika. Fua, chambua mchele barazani, mlango ukiwa wazi na pazia limeshushwa, kama wanavyofanya wao.

Ramadhani itakusaidia kuliko mwezi mwingine wowote. Inarudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, kwa hiyo uliza mapema itaanza lini. Kabla ya magharibi sahani zinapita mlango kwa mlango, na hata nyumba ya Mkristo haikosi yake. Tuma tende, tuma matikiti, tuma sharubati ya ukwaju. Mchana watoto wale ndani, pipi wasitembee nazo njiani. Wakikuuliza kwa nini wao hawafungi, wajibu kwa imani yenu bila kuidogosha ya jirani, maana jibu hilo litasemwa tena uwanjani neno kwa neno.

Na msibani uende. Hapa maiti hakawii, mara nyingi anazikwa siku hiyohiyo, hivyo usingoje kualikwa. Wanawake wanabaki nyumbani kwa mfiwa, wanaume wanakwenda msikitini na makaburini. Jitande leso, ingia, sema poleni, kaa mkekani na wenzako, na ukiona vyombo vinaoshwa kunja mikono ya dera uoshe. Usisimame kuomba kwa sauti. Mume wako anaweza kusindikiza jeneza akasimama pembeni wakati wa kuzika. Ataonekana, na hatasahaulika.

Nije kwenye jambo zito. Umeniandikia kwamba watoto wakirudi shule wanakaa ndani na dirisha limefungwa. Mngekuwa mji mwingine ningepita. Lakini mko Malindi. Mwezi wa Aprili mwaka 2023 ilianza kufukuliwa miili katika msitu wa Shakahola, humuhumu Kaunti ya Kilifi, ya waumini walioambiwa wafunge mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Ilipita 400, na wengi walikuwa watoto. Mhubiri anayeshtakiwa alikuwa na kanisa lake hapa mjini, na kesi iko mahakamani. Kuna nyumba katika mji huu ambazo hazijapona, za Wakristo kwa Waislamu. Mume wako hana hatia yoyote katika hilo, lakini ameingia Malindi akiwa mwinjilisti mgeni, na watoto wake hawaonekani. Fikiria jirani mwenye huruma anawaza nini akipita dirishani. Yule mama wa mahamri huenda anawaogopea watoto wako zaidi ya anavyokuogopa wewe.

Kwa hiyo fungueni. Watoto wacheze nje waonekane wanakula, wanacheka, wanakwenda shule. Mmoja akiugua apelekwe hospitali mchana kweupe, na ukiulizwa useme mlikwenda, amepimwa, amepewa dawa. Maombi yapo, na dawa ipo. Mikesha ya nyumbani iachwe, na vipaza sauti visitumike usiku. Mume wako aende kwa chifu na kwa mzee wa mtaa, ajitambulishe, aonyeshe barua ya kanisa lililowapokea na kwamba limesajiliwa. Mpango wa Nyumba Kumi hapa upo kama kwenu mnavyomjua balozi wenu, na mtu anayejipeleka mwenyewe hatafutwi. Hakikisheni pia kibali chake cha daraja la I, ambalo ndilo la watumishi wa dini, kimetoka, wewe na watoto mna pasi zenu, na nyinyi watu wazima mmejiandikisha kama wageni, kwa kuwa mtakaa zaidi ya siku 90. Nakala ziwe nyumbani, si ofisini kwa kanisa.

Fedha mtaombwa. Mji huu umekaa na watalii wa Kitaliano na wafadhili wa kila aina kwa miaka mingi, na mtu akisikia mmisionari anafikiria karo na bati. Wewe unajua mshahara wenu ulivyo, unatoka kwa shilingi ya Tanzania na kuliwa na shilingi ya Kenya. Azima vitu kwa moyo mweupe, fedha usiazimishe. Penye shida ya kweli, ugonjwa au njaa, toa kidogo unachokiweza ukijua hakirudi, na maombi makubwa yaende kanisani yakajadiliwe na kamati. Ukichanganya deni la ungo na deni la fedha utapoteza yote mawili.

Binti yako mkubwa hajawa mjinga. Shule za serikali kwenu zinafundisha kwa Kiswahili mpaka mwisho wa msingi. Kenya, kuanzia Gredi ya 4 masomo yote ni Kiingereza isipokuwa Kiswahili chenyewe. Amekurupuliwa kutoka darasa ambalo sayansi ilisemwa kwa lugha ya mama yake, akatiwa katikati ya wenzake walioanza safari hiyo kabla yake. Hesabu za sehemu anazijua. Asichojua ni swali linauliza nini. Nenda ukaongee na mwalimu wake wa darasa, umweleze hivyo hasa, na umwombe asimrudishe nyuma haraka. Tafuta msichana wa mtaani aliyemaliza kidato cha nne, mlipe kidogo, aje siku tatu kwa wiki amsomee vitabu vya sayansi na maarifa ya jamii kwa Kiingereza. Chagua wa Shela. Atakuja na wadogo zake, na mama yake atakuja kuona mwanawe anafundisha kwa nani. Mpe mtoto mwaka mzima kabla ya kuhukumu, na zile alama usimsomee mbele ya wageni.

Kuhusu marafiki, angalia saa tena. Watoto wa jirani wakitoka shule wanaingia chuoni, wanasoma Kurani mpaka karibu na magharibi, na wengine hata Jumamosi asubuhi. Hawawakimbii wanao, hawana nafasi tu. Chuo kwa kawaida kinapumzika Alhamisi jioni na Ijumaa, basi jioni ya Ijumaa watoto wako wawe nje na mpira, au waende ufukweni na wenzao mtu mzima akiwepo. Wakati wa kusi bahari inachafuka, waogelee pale wenyeji wanapoogelea. Lakini nakusihi jambo moja: watoto wasipewe kazi ya kuhubiri. Nimeona familia zinawatuma watoto na nyimbo na maswali ya mashindano kwa wenzao, na mtoto wa miaka minane akageuka askari wa vita ambavyo si vyake. Mwache apate rafiki. Akiulizwa yeye ni nani aseme ni Mkristo, arudi kwenye mpira.

Homa isikuchezee. Watoto waliokulia baridi ya Rungwe, huko kwenu Tukuyu, miili yao haijazoea malaria ya Pwani kama ya watoto wa hapa. Chandarua kila usiku, hata msimu wa kiangazi, na joto la mwili likipanda apimwe siku hiyohiyo.

Joto lenyewe mtalizoea, ingawa kaskazi ya Februari na Machi itawatoa machozi. Oga mara tatu, pika alfajiri, na vitanda visogezwe pale upepo unapoingia. Maji ya kunywa chemsha, ya kisima yana chumvi hata kwa chai.

Mume wako ataniuliza, na ana haki ya kuuliza: basi Injili itasemwa lini? Kuna kikanisa kidogo karibu na bahari hapo Malindi, cha Wareno, kimeezekwa makuti na kimezungukwa na makaburi. Waulizeni watu wa hapo wawaonyeshe, mpeleke na watoto. Mwaka 1542 padri Francis Xavier alitua Malindi akiwa njiani kwenda India. Katika barua aliyoiandika kutoka Goa mwaka huohuo anasimulia kwamba mzee mmoja wa Kiislamu wa mji huu alimuuliza kama kwao Wakristo bado wanakwenda kusali kwa bidii, kwa maana Malindi ilikuwa na misikiti 17 na watu walikuwa wakienda 3 tu, tena wachache. Xavier alimjibu kwa hoja za imani yake, na wakaachana kila mmoja na lake.

Kisa hicho hunigusa kila nikikifikiria. Mzee yule alikuwa anauliza kwa uchungu, kwa sababu mji wake unapoa, akamwona mgeni mtu wa sala, akafikiri huyu atanielewa. Wazee kama yeye bado wapo hapo Shela. Wana vijana walioingia kwenye unga wa kulevya, wana mabinti waliokatishwa shule, wana watoto wasiotaka kuamka alfajiri. Mume wako akikaa nao barazani akawasikiliza hayo, atakuwa amesikiliza kitu kinachomuumiza yeye pia kama baba. Na watamuuliza yeye anaomba vipi. Hapo aseme yote aliyo nayo, wala asipunguze neno.

Kama mngekuwa mmetumwa Lamu jibu langu lingekuwa refu zaidi. Kule kuna vichochoro ambavyo punda wawili wanapishana kwa shida, kila anayeingia mtaa wa Mkomani au Langoni anajulikana kabla hajafika mlangoni kwake, na Wakristo wengi wa kaunti ile ni watu waliotoka bara kuja kwenye mashamba ya Mpeketoni tangu miaka ya 1970, kwa hiyo mwenyeji akikuona na Biblia anakumbuka kwanza ugomvi wa ardhi. Hata mtumishi asiye na haja ya shamba anabebeshwa. Malindi imechanganyika zaidi. Mna nafasi ambayo wenzenu wa Lamu wanaitafuta kwa miaka.

Hama, nikuambie, kama mwenye nyumba atawasumbua, kama usalama wa watoto utaguswa, au kama wewe mwenyewe utaona mwezi umekwisha hulali, huli, na unalia bila sababu. Hilo la mwisho usilifunike kwa maombi peke yake. Nenda hospitali, umwambie daktari hivyohivyo. Krapf niliyemtaja alikuja Mombasa na mkewe Rosine. Walifika mwanzoni mwa 1844, na Julai Rosine alikuwa ameshakufa kwa homa siku chache baada ya kujifungua, na kichanga chao naye akafa. Kaburi liko ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Ya mume tunayo mengi, kamusi na safari na tafsiri. Ya mke tunalo kaburi. Leo homa inatibika, lakini bado naletewa wake wa watumishi ambao makanisa yao hayajui hata wanaamkaje, kwa sababu ripoti ya kila mwezi inauliza wangapi wamebatizwa na haina mstari wa kuuliza nyumbani kukoje.

Kwa hiyo andikeni kwa kanisa lililowatuma. Ombeni mambo matatu: fedha ya mwalimu wa Kiingereza wa binti kwa mwaka mmoja, nauli ya wewe na watoto kwenda Tukuyu likizo ya Desemba, na mama mmoja wa huko, mwenye umri na siri, atakayekupigia simu kila wiki bila kuuliza habari za kazi. Barua hiyo iandike wewe, kwa mkono wako, na jina lako litangulie la mume wako pale chini.